Chuma Hakitembei Peke Yake



Katika kliniki za wajawazito za Temeke na Kinondoni, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tandale na Bunju, liko swali ambalo haliishi. Mama amepimwa damu, akaambiwa wekundu uko chini, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Amevimeza. Amekunywa juisi ya rozela, amekula mchicha na matembele. Lakini akirudi kupimwa, damu haijapanda, au imepanda kidogo mno. Ndipo anapouliza: "Hiki chuma ninachomeza kinakwenda wapi?"

Swali hili si la kijinga hata kidogo. Wataalamu wenyewe walihangaika nalo kwa miaka mingi. Jibu lao kwa kifupi ni hili: chuma kuingia tumboni ni jambo moja, na chuma kufika kwenye damu ni jambo jingine. Kati ya hapo na hapo pana safari, na katika safari hiyo chuma huhitaji msaada wa madini ambayo wengi wetu hatujawahi kuyahesabu kuwa chakula. Madini hayo ni shaba.

Tunaomba msomaji avumilie nasi kidogo, maana jambo hili linagusa nyumba zetu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 45 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 walikuwa 58 katika kila 100. Basi ukikaa kwenye benchi la kliniki ukatazama kushoto na kulia, tatizo halipo mbali nawe.

Panya waliolishwa maziwa

Mwaka 1928, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani walikuwa wakiwalisha panya maziwa matupu. Panya wale walipungukiwa damu, na hilo halikuwashangaza, kwa sababu maziwa yana chuma kidogo sana. Wakawaongezea chuma. Damu haikupanda. Walipowapa chuma pamoja na kiasi kidogo tu cha shaba, panya wakapata damu na kuchangamka.

Ikafahamika kwamba mwili unaweza kuwa na chuma na bado ukakosa damu, iwapo shaba haipo. Haina maana kwamba shaba hugeuka kuwa damu. Wekundu wa damu, yaani hemoglobini, hutengenezwa kwa chuma. Kazi ya shaba ni kukiwezesha chuma kutoka kilipo na kufika kinapotakiwa.

Sisi wa Temeke tunao mfano wa karibu. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ipate njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Pale reli ya chuma ndiyo inayoisafirisha shaba. Ndani ya mwili mambo yamegeuka: shaba ndiyo inayokisafirisha chuma.

Abiria asiye na chenji

Sasa tuifuate safari yenyewe. Chuma kilichomo katika chakula au kidonge huingia kwanza kwenye chembe hai za ukuta wa utumbo. Chembe hizo ni kama chumba chenye milango miwili, mmoja wa kuingilia kutoka tumboni na mwingine wa kutokea kwenda kwenye damu. Mlango wa kutokea ni protini iitwayo feroportini, iliyogunduliwa mwaka 2000.

Nje ya mlango huo, ndani ya damu, gari limeshasimama kumsubiri abiria. Gari hilo nalo ni protini, na jina lake ni transferini. Kazi yake ni kukipakia chuma na kukipeleka kwenye uboho wa mifupa, ambako chembe nyekundu za damu hutengenezwa. Lakini transferini ina sharti. Chuma hutoka mlangoni kikiwa katika hali moja, na gari hulipokea likiwa katika hali nyingine tu. Ni kama abiria wa daladala la Mbagala mwenye noti ya shilingi elfu kumi asubuhi na mapema, na konda hana chenji. Pesa anayo, gari lipo, lakini safari haiwezekani mpaka apatikane mtu wa kumvunjia noti ile.

Mvunja noti huyo ni protini yenye shaba. Kwenye utumbo huitwa hefestini. Kwenye damu yenyewe, na hasa kwa chuma kinachotoka kwenye ghala la ini, ni ndugu yake aitwaye seruloplazimini. Wote wawili hukipokea chuma mlangoni, hukibadili hali, kisha transferini hukichukua na kuondoka nacho. Shaba iliyomo ndani yao ndiyo inayofanya kazi hiyo ya kubadili. Protini isiyo na shaba ni mtu mwenye mkoba mtupu, havunji noti ya mtu.

Hefestini ilitambuliwa mwaka 1999 kwa kuchunguza panya waliozaliwa na upungufu wa damu wa kurithi. Panya wale walikuwa na chuma kimejaa kwenye ukuta wa utumbo, huku damu yao ikikikosa. Na hapa ndipo tunapopata sehemu ya jibu la yule mama wa kliniki. Chembe za ukuta wa utumbo haziishi muda mrefu. Baada ya siku chache hupukutika na kutoka na choo. Chuma kilichokwama ndani yake huondoka pamoja nazo. Mama amemeza, utumbo umepokea, lakini damu haikupata kitu.

Protini ya rangi ya samawati

Seruloplazimini iligunduliwa mwaka 1948 na wataalamu wawili wa Sweden, Holmberg na Laurell. Jina lake linatokana na rangi ya mbingu, kwa sababu ikichujwa kutoka kwenye damu huonekana ya samawati. Rangi hiyo ni ya shaba. Kila chembe moja ya protini hiyo hubeba shaba sita. Hutengenezwa kwenye ini, na sehemu kubwa ya shaba inayozunguka katika damu yetu imo ndani yake.

Akina mama wanaonunua pweza Feri huenda wakapenda kujua kwamba pweza damu yake yote ni ya samawati. Yeye hatumii chuma kubeba hewa safi mwilini kama sisi, hutumia shaba. Kaa na kamba nao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo supu ya pweza inayouzwa vibandani jioni, ambayo akina baba wameifanya kuwa yao kwa sababu wanazozijua wenyewe, ina shaba na chuma pia. Hatuoni sababu ya mama mnyonyeshaji kuachwa nje ya kibanda hicho.

Jambo jingine la kufurahisha ni kwamba seruloplazimini huongezeka katika damu ya mama wakati wa mimba. Nacho kichanga kilicho tumboni huweka akiba ya chuma na shaba kwenye ini lake, hasa katika miezi ya mwisho. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huja duniani na ghala lisilojaa, na huhitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Shaba ikikosekana

Wapo watu wachache sana duniani wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza seruloplazimini. Mgonjwa wa kwanza alielezwa na madaktari wa Japani mwaka 1987. Watu hao huwa na upungufu wa damu usio mkali sana, lakini chuma hujikusanya kwenye ini, kongosho na ubongo. Umri ukisogea hupata kisukari, macho huharibika, na mwili hutetemeka au hukosa utulivu. Chuma kilichokosa njia ya kutoka huwa sumu palepale kilipolala.

Ugonjwa huo ni wa nadra, na hatuutaji ili kumtisha mtu. Ulio karibu nasi zaidi ni ule ulioonekana Lima, Peru, na kuandikwa mwaka 1964. Watoto waliokuwa wakiponywa utapiamlo mkali walikuwa wakilishwa zaidi maziwa ya ng'ombe. Walianza kunenepa, lakini damu ikawa haipandi hata walipopewa chuma, mpaka walipopewa shaba. Leo hii maziwa maalumu yanayotolewa hospitalini kwa watoto wenye utapiamlo mkali huwekwa mchanganyiko wa madini, na shaba imo.

Tuseme wazi hapa: kwa mtu anayekula chakula cha kawaida, kupungukiwa shaba si jambo la mara kwa mara. Wengi wetu tunapungukiwa damu kwa sababu ya kukosa chuma chenyewe, kwa malaria, kwa minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, kwa hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu, au kwa magonjwa ya kurithi kama selimundu. Lakini kuijua kazi ya shaba kunatufundisha jambo ambalo kila mama anapaswa kulishika: damu haipandi kwa wingi wa chuma tulichomeza. Hupanda kwa chuma kilichofika.

Mlango unapofungwa

Ule mlango wa kutokea, feroportini, una kufuli. Kufuli hilo ni homoni ya ini iitwayo hepsidini. Mwili unapopambana na malaria, nimonia au uvimbe wowote wa ndani, hepsidini huongezeka na mlango hufungwa. Mwili una sababu yake, kwani vimelea na bakteria nao wanakitamani chuma ili wazaliane. Wakati huo hata protini zenye shaba ziwe tele, zitangoja mlangoni bila kazi, maana hakuna abiria anayetoka.

Jambo hili tulifundishwa kwa uchungu hapa hapa nchini. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa uliohusisha watoto zaidi ya 24,000, baadhi yao wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Mwezi Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma katika mazingira yale ya malaria nyingi walilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 12. Hata hivyo, katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kutibiwa malaria kwa karibu, wale waliokuwa wamepungukiwa chuma kweli walinufaika nacho.

Akina mama, tuelewane vizuri. Utafiti ule hausemi chuma ni kibaya. Unasema chuma kitolewe kwa anayekihitaji, huku malaria ikizuiwa na kutibiwa. Kumnunulia mtoto mwenye homa chupa ya dawa ya damu dukani bila kipimo ni kucheza na moto. Na mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyevimba miguu au aliyekonda mno, hapewi chuma siku za mwanzo kabisa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka angoje mpaka hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda, kwa kawaida katika wiki ya pili. Mama asiyejua humwona mwanawe mweupe viganja akadhani wauguzi wamemsahau, akaenda kununua dawa mwenyewe na kumnywesha kwa siri chini ya khanga. Ulize kwanza, mama. Utaelezwa.

Kwa wajawazito habari ni njema. Hapa Dar es Salaam, wanawake 1,500 wajawazito ambao hawakuwa na upungufu wa damu wala wa chuma waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Waliopewa miligramu 60 za chuma kila siku hawakupata malaria ya kondo la nyuma kuliko wasiopewa, na walipojifungua, wachache zaidi kati yao walikuwa na upungufu wa damu. Basi mjamzito asiviogope vidonge vyake. Avimeze kama alivyoelekezwa, alale ndani ya chandarua, na anywe dawa ya kuzuia malaria anayopewa kliniki. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Vikimletea kichefuchefu amwambie muuguzi, asivifiche chini ya godoro.

Tahadhari ya zinki

Mtoto akiharisha hupewa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Hiyo ni tiba nzuri, imalizeni. Lakini wako watu wazima wanaonunua zinki na kuimeza miezi na miezi kwa kusikia kwamba inaongeza kinga. Zinki nyingi kwa muda mrefu huizuia shaba isiingie mwilini, na matokeo yake yanaweza kuwa upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma, pamoja na ganzi miguuni. Ukienda hospitali, mtajie daktari kila kidonge unachotumia, hata kile ulichouziwa na jirani.

Tunapokwenda sokoni

Kiasi cha shaba tunachohitaji ni kidogo mno: chini kidogo ya miligramu 1 kwa siku kwa mtu mzima, na 1.3 kwa anayenyonyesha. Hakihitaji kidonge. Kinapatikana Tandika, Temeke Stereo na Tandale kwa pesa ya kawaida.

Maini yana chuma na shaba kwa pamoja kuliko karibu vyakula vyote, na kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha nyumba. Mjamzito lakini asiyafanye kitoweo cha kila siku, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno. Korosho zina shaba nyingi sana. Zilizovunjika huuzwa bei nafuu na hufaa vilevile zikitwangwa kwenye mchuzi. Dagaa, karanga, ufuta, mbegu za maboga, kunde, choroko, mbaazi na maharage vyote vimo katika orodha. Dona ina madini zaidi kuliko sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe pe. Kijiko cha dagaa waliosafishwa na kusagwa kinaweza kuingia kwenye uji wa mtoto aliyefikisha miezi 6. Kabla ya hapo maziwa ya mama pekee yanatosha. Na maziwa ya ng'ombe yasifanywe chakula kikuu cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Wale panya wa Wisconsin walitufundisha sababu.

Loweka maharage usiku na kuyamwaga maji yake kabla ya kupika, madini yatoke kwa urahisi zaidi. Kula na embe, chungwa, pera au kamulia ndimu, kwa kuwa vitamini C hukisaidia chuma kuingia. Chai na kahawa zisubiri saa moja au zaidi baada ya chakula, kwa sababu hukishika chuma kisiingie. Ni vigumu kwetu tuliozoea chai na kila mlo, lakini inawezekana.

Yapo na ya kuacha. Bangili ya shaba mkononi haiongezi damu. Kupika vitu vichachu kwenye chombo cha shaba kisichopakwa bati ndani ni hatari, kwani shaba ikizidi nayo ni sumu. Na ile hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Udongo wenyewe unaweza kukizuia chuma na kuleta maradhi ya tumbo. Ukijiona unautafuta, usione aibu, nenda ukapime.

La kufanya wiki hii

Tazama viganja vya watoto na ndani ya kope zao za chini. Vikiwa vyeupe, au mtoto anachoka upesi na kuhema, mpeleke zahanati. Nawe mwenyewe, ukisikia moyo kwenda mbio ukipanda ngazi au ukibeba ndoo ya maji, usiseme ni uchovu wa kazi tu. Kwa mjamzito, wekundu ukiwa chini ya gramu 11 huhesabiwa upungufu, na ukiwa chini ya 7 ni hatari ya kutibiwa mara moja. Na kama umemeza vidonge mwezi mzima na damu haikupanda, usiongeze dozi kwa uamuzi wako. Rudi ukaulize mambo manne: je, nina malaria au ugonjwa mwingine wa ndani? Nina minyoo? Ninapoteza damu mahali? Au kuna kitu ninachokula au kumeza kinachokizuia chuma?

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Chuma ni kinga kimoja, shaba ni kinga cha pili, na kinga cha tatu ni mama anayejua na asiyeogopa kuuliza. Siku ya kikundi chenu cha akina mama, chukueni dakika chache mlisome jambo hili pamoja. Huenda aliyekaa pembeni yako ana vidonge ambavyo ameshavikatia tamaa, na hajampata wa kumweleza.